Barua Yako Nimeipata

Wadogo zangu wa Ngamiani, wa Makorora, wa Muheza, Mkinga na Pangani, na nyinyi mlioko Muscat mnaosoma kona hii usiku kazi zikishaisha, leo sijibu swali la msomaji. Nina jambo langu mwenyewe nililolibeba huu mwaka wa pili, na nimeona nilitue hapa, maana kila wiki naona mtu mwingine akilirudia.

Grupu letu la ukoo lina watu 63. Siku hiyo nilikuwa kwenye daladala natoka Mabokweni kuingia mjini. Simu ilikuwa ikitetemeka mkobani tangu alfajiri na sikuwa nimeishika. Nilipoifungua nikakuta jumbe 147 sijazisoma. Sasa WhatsApp ina ustaarabu wake: ukiingia kwenye grupu hukuweka palepale ulipoishia, kwenye ule mstari unaokwambia zimebaki ngapi. Lakini pembeni, kwa chini, kuna kimshale. Ukikigusa kinakutelemsha hadi mwisho. Nami nikakigusa.

Huko chini nikakuta "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Chini yake nyingine, na chini yake nyingine tena, na mikono ya dua, na vikatuni vya machozi. Zilikuwa kama kumi na tano. Nami usiku wa kuamkia siku hiyo nilishaambiwa kwamba mama mkubwa wetu amelazwa, presha imepanda. Sikuuliza kitu. Niliandika palepale, konda akiita watu wa Ngamiani: "Mama yetu mkubwa ametutoka. Mungu amlaze mahali pema. Tukutane wapi jamani?" Nikautuma. Kisha nikauchukua ujumbe uleule nikaupeleka kwenye grupu la kikoba, kwa kuwa wanakikoba wenzangu wote wanamfahamu.

Aliyefariki alikuwa mzee jirani wa kina mama mkubwa. Kijana mmoja wa ukoo alitoa taarifa saa moja asubuhi, kwa jina kamili la marehemu, nyumba yenye msiba na saa ya kuzika. Ilikuwa juu huko, jumbe themanini hivi kutoka pale nilipotelemkia.

Binti wa mama mkubwa ana duka Pangani. Aliyasoma maneno yangu, yangu mimi ndugu yake, akaamini. Kwa nini asiamini? Walionisimulia wanasema alikaa sakafuni kati ya magunia ya mchele, mteja bado amesimama na noti yake mkononi. Walioingia kwenye grupu baada yangu nao wakaanzia kwangu, na hakuna aliyepanda juu. Binamu wawili walikata tiketi Dar, wakafika hadi Chalinze. Ami alikwenda kununua sanda. Saa saba mchana ndipo dada mmoja aliyekuwa wodini akafungua simu yake, akampiga picha mama mkubwa ameshika kikombe cha uji, akaituma bila kuandika neno.

Nilipokwenda kumwomba radhi mama mkubwa, hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, ulisoma wapi kwamba nimekufa?"

Sikuwa na pa kumwonyesha. Hapakuwa pameandikwa popote ila pale nilipoandika mimi.

Swali lile lilinirudisha kwenye barua za babu. Nyinyi mliozaliwa simu zikiwa tayari mikononi huenda hamjawahi kuzisoma barua zile. Barua ya Kiswahili, iwe ya mtu wa Mombasa, wa Tanga au wa Unguja, iwe kwa herufi za Kiarabu au hizi tunazotumia leo, ilikuwa na mwendo wake. Huanza kwa salamu, na salamu zikatosha kweli. Kisha: ama baada ya salamu, barua yako nimeipata, nimeisoma, na yote yaliyomo nimeyafahamu. Ndipo mtu anaingia kwenye jawabu. Utotoni nilikuwa nikisomea wakubwa barua hizo, na kipande hicho nilikipita mbio, nikiona ni maneno ya kujazia karatasi.

Leo nakiona kwa jicho jingine. Mwandishi alikuwa anaweka dhamana: nimesoma yote, si mstari wa kwanza wala wa mwisho, na ninachokujibu nakujibu kwa ulichosema. Kama lipo neno hakulielewa aliliuliza kwanza, kwa sababu kosa lilikuwa ghali. Ukijibu visivyo, barua inakwenda wiki nzima, mwenzio anakaa na uchungu wake, analeta masahihisho, wiki nyingine hiyo. Watu walikuwa wanasoma barua mara mbili mbili kabla ya kushika kalamu.

Mtu wetu wa Vibambani, Shaaban Robert, alizaliwa 1909, na kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali, anahamishwa kituo hiki kwenda kile. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge zilitolewa kitabu mwaka 2002, na zinaanzia 1931 hadi 1958. Miaka 27, wadogo zangu, ndugu wawili wanazungumza kwa bahasha na stempu. Mimi naamini mazungumzo hayadumu miaka hiyo kama kila mmoja anajibu nusu ya alichoandikiwa. Magrupu yetu mangapi yamemaliza hata miaka mitatu bila mtu kutoka kwa hasira?

Hata wale waliokuwa wakilumbana hadharani walifuata mwendo huohuo. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923 na lilikuwa likitoka mara moja kwa mwezi. Malenga akiulizwa swali kwa shairi humo, alikuwa na mwezi mzima wa kulisoma kabla jibu lake halijachapwa, na akijibu humtaja anayemjibu na swali lenyewe, ili hata msomaji ambaye toleo lile lilimpita ajue tunazungumza nini. Walitaniana na wakachomana humo, lakini mtu alichomwa kwa alichokisema.

Sasa nije kwenye yetu. Nimeanza na msiba kwa kuwa ndio ulionigusa mimi, ila naona kinachovunja ndugu zaidi hapa kwetu ni orodha ya mchango.

Mnaijua. Harusi imekaribia, mhazini anaandika moja, mbili, tatu. Anayechanga anakopi orodha, anaongeza jina lake na kiasi, anairudisha kwenye grupu. Saa mbili usiku orodha ina majina 18. Wewe unaingia, unapandisha kidogo, unakutana na ile ya magharibi yenye majina 14. Unaikopi, unajiandika wa 15, unatuma, unalala. Umefuta watu wanne. Wa nyuma yako anakopi yako, maana ndiyo iliyo chini, na wale wanne wamepotea kabisa.

Kwetu mmoja wa wanne hao alikuwa wifi yangu. Alitoa elfu ishirini, na mwezi ule mumewe alikuwa hana kazi. Asubuhi akaitazama orodha, jina hakuna. Akatazama tena jioni, hakuna. Hakusema. Mwanamke wa pwani akinyamaza hivyo, ujue ameshaandika mengi moyoni. Alikuja harusini, akakaa viti vya nyuma, biriani hakuligusa. Tukadhani ana lake na bibi harusi. Ilichukua miezi mitatu mtu kugundua kwamba kisa ni orodha, na mhazini ndiye aliyebeba lawama zote, naye hakukosea hata shilingi.

Kwa hiyo, kabla hujakopi orodha shuka hadi mwisho kabisa, hakikisha hiyo ndiyo ya karibuni, kisha hesabu majina. Ukishatuma hesabu tena. Kama walikuwa 18 na sasa ni 15, futa upesi na uombe radhi. Na nyinyi wahazini, ipo namna ya kuubandika ujumbe ukakaa juu ya grupu kila mtu auone. Ibandikeni orodha, ibandikeni na namba ya kutumia pesa, mtapumua. Maana lipo na hili la mtu kuuliza "Namba ni ipi?" wakati namba imetumwa mara sita tangu asubuhi. Anayeuliza haoni ubaya. Mhazini anayejibu mara ya saba, mtoto mgongoni na chungu jikoni, anaona hathaminiwi. Akifika mara ya kumi ananyamazisha grupu, na siku ya jambo zito hayupo.

Nataka niseme na juu ya sauti za wazee. Wazee wetu wengi hawaandiki, hurekodi. Nanyi vijana mkiona sauti ya dakika nne mnaipita. Mnakosa sana. Mzee wa huku haanzi na jambo. Ataanza na Bismillahi, atawasalimu wa Tanga, wa Dar na wa Arabuni, atamtaja marehemu fulani amwombee, atauliza mvua ya shamba. Jambo lenyewe linakuja dakika ya tatu na nusu, tena kwa sauti ya chini: "Lile shamba la minazi msiliuze kwanza." Ukisikiliza nusu dakika ukaandika "Aamin babu, shukran," babu anaelewa umekubali. Kesho mkimwita dalali, mzee anasema aliwaambia wote na mkaitika. Na ni kweli mliitika. Kama huna muda, sauti inaweza kuharakishwa, ukaisikia yote kwa nusu ya wakati. Lakini ifike mwisho ndipo useme aamin.

Mdogo wangu uliye Oman, hapa nakuja kwako kwa upole, maana najua wengi wenu mnaofanya kazi za nyumbani mnashika simu usiku tu, na wengine Ijumaa kwa Ijumaa. Unaingia umechoka, unaanza kusoma toka juu kama nilivyosema, unakutana na ugomvi wa Jumapili: kaka kamjibu vibaya mama yako juu ya kodi ya nyumba. Damu inachemka. Unaandika maneno makali, na uko mbali, huoni nyuso za watu. Hujui kwamba Jumatatu wazee walikutana, Jumanne kaka kaomba radhi palepale kwenye grupu, na mama kamjibu yamekwisha. Umefukua kilichozikwa. Mimi nilisoma chini bila juu, wewe umesoma juu bila kufika chini, na watu wameumia vilevile. Fika mwisho ndipo uandike, na kama bado moyo unachemka, mpigie mama kwanza.

Nasi tuliobaki nyumbani tuna deni kwa hawa. Likitokea jambo zito, mmoja wetu awaandikie pembeni mistari miwili: limeanza hivi, limeishia hivi. Na anayeingizwa leo kwenye grupu hakuwapo jana, na huenda yaliyopita hayaoni. Msimcheke akiuliza.

Najua swali mlilonalo: "Dada, jumbe 200, nitazisoma saa ngapi, na bando lenyewe hili?" Maandishi hayali bando sana, kinachokula ni picha na video, na unaweza kuzizuia zisijipakue zenyewe. Muda nao, nusu ya hizo 200 ni maua ya asubuhi njema na vicheko, unazipita kwa kidole. Kama kuna unayemtafuta, grupu lina mahali pa kutafutia: andika jina lake na yote yaliyomtaja yatakuja. Ningefanya hivyo siku ile nikaandika "mama mkubwa", ningekuta kijana ameshasema saa mbili asubuhi kwamba presha imeshuka na ameamka vizuri. Nusu dakika. Na kama hata hiyo nusu dakika huna, basi usijibu. Anayekuhitaji atakutaja kwa jina na alama itatokea. Kunyamaza kwenye grupu si utovu wa adabu. Barazani pia wapo wanaokaa hadi kahawa ikaisha hawajasema neno, na tunawaheshimu.

Ukijibu, mshike unayemjibu. Vuta ujumbe wake kwa kidole kuelekea pembeni, utanukuliwa juu ya jibu lako. Neno "Hapana" lisilo na kichwa linaangukia popote. Niliona mama kaandika binti yake kafaulu kwenda kidato cha tano, na chini yake moja kwa moja mtu kaandika "Muongo huyo." Alikuwa anamjibu mwingine juu ya bei ya machungwa ya Muheza. Yule mama hakufurahi tena siku ile, hata alipoelezwa.

Nimewaza sana kwa nini sisi watu wa mji huu wa Tanga, tuliolelewa kwenye taarabu, tusiweze jambo hili. Hapa ndipo nyumbani kwa Black Star na Lucky Star, na Pangani ndiko alikozaliwa marehemu Bi Shakila Said. Mama zetu walikuwa hawainuki ovyo kwenda kutunza. Wimbo ukianza, mwanamke anakaa, anasikiliza beti, anapima kibwagizo kinaelekea wapi na kinamgusa nani. Anajua akisimama ukumbi mzima utamtazama, na noti atakayoipeperusha itahesabiwa kuwa ni kauli yake. Akiinuka mapema anaweza kujikuta anautunza ubeti unaomsema yeye mwenyewe. Kwa hiyo husubiri, na likifika lile neno lake huinuka taratibu, na kila mtu anajua amemaanisha. Subira hiyo tunayo. Tunaiacha mlangoni tukiingia kwenye simu.

Na ikiwa umeshakosea, kama mimi? Usifute tu ukanyamaza. Nilifuta, pakabaki maandishi kwamba ujumbe huu umefutwa, na watu wakazidi kuogopa, wakaona kuna kinachofichwa. Waliokuwa wameukopi walikuwa nao bado. Andika wazi: "Nimekosea, mama mkubwa yuko hai, aliyefariki ni fulani, niwieni radhi." Kisha nenda kila mahali ulikoupeleka useme hivyohivyo. Mimi grupu la kikoba nililisahau hadi jioni, na wanakikoba wawili walikuwa wameshafika nyumbani kwa mama mkubwa na khanga za msiba.

Tangu siku hiyo nimejiwekea desturi. Kwenye jambo zito, la ugonjwa, msiba, pesa au ugomvi, neno langu la kwanza ni la babu: "Nimesoma yote, nimeelewa." Ndipo nasema langu. Mwanzoni wadogo zangu kwenye ukoo walishangaa. Sasa wapo wanne au watano wanaoandika hivyohivyo, na nikiliona neno hilo juu ya jibu la mtu natulia, najua anayesema ameyaona ninayoyaona. Nawaomba mjaribu kwenye grupu moja tu, lile lenye wazee, kwa mwezi mmoja, kisha mniandikie mmeona nini.

Mama mkubwa anaendelea vizuri, ingawa siku hizi anaswali amekaa kitini. Mjukuu wake anaolewa baada ya mfungo, na tumeshaanza kuchanga. Orodha iliyobandikwa ni ya jana saa tatu usiku, ina majina 22, na jina la kwanza ni la mama mkubwa mwenyewe.